Miguu Yangu na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Miaka ishirini na miwili ya kusimama nyuma ya vichwa vya watu, na miguu imeamua kunisaliti wiki hii. Wiki hii! Mishipa ya mguu wa kulia imevimba na kujikunja kama kamba iliyotupwa stoo. Ikifika saa kumi mguu unawaka moto.

Na mzee wetu wa kiti cha dirishani anastaafu. Kile kiti ndicho saluni yenyewe: mteja akiingia haulizi, anakwenda kukaa hapo. Mwenye saluni ni dada mkubwa wa mke wangu. Ungedhani undugu una faida. Wapi! Shemeji amesema Jumamosi ya wiki ijayo ataamua kati yangu na kinyozi mwenzangu, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Anataka mtu wa kusimama imara siku nzima. Basi mguu huu hakuna atakayeujua. Mke wangu tu ndiye anajua, na ameniamuru niende kliniki. Nimemwapisha asimwambie dada yake. Ameapa huku akitikisa kichwa.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Shemeji nimemwambia jino linauma. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, kanisimamisha juu ya kijukwaa, kanipaka mafuta ya baridi, kapitisha kipimo cha picha mguu mzima. Akaeleza kwamba vali ndani ya mshipa zimelegea, damu inayotakiwa kupanda inarudi chini na kutuama. Nikauliza watanipasua kuanzia wapi. Akacheka! Alisema siku hizi wanaingiza uzi mwembamba wa leza kupitia tundu la sindano, joto linaufunga mshipa kwa ndani, damu inapita kwenye mishipa mingine mizima. Vimishipa vidogo wanavichoma sindano ya povu. Ganzi ya hapo hapo, hakuna kulazwa, mtu anaondoka kwa miguu yake. Nimepangiwa Ijumaa. Onyo moja: nisiunyoe mguu, watashughulika wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Haikufanyika. Mimi, kinyozi, ninyolewe na nesi? Jana jioni niliunyoa mwenyewe kwa wembe, juu chini, chini juu, nikausugua na spiriti. Ulikuwa mguu wa maonyesho! Leo asubuhi una vipele na mikwaruzo kuanzia paja hadi kifundo. Daktari kaahirisha hadi Jumanne. Nesi kauliza ni nani aliyefanya uharibifu ule. Nikasema ni kinyozi mmoja wa mtaani. Akanishauri nisirudi tena kwake.

Jumanne, 11 Machi
Jino la pili, nilimwambia shemeji. Kanitazama mdomoni.

Leza imekwisha kabla sijapata muda wa kuogopa vizuri. Sindano za ganzi zimechoma kidogo, basi. Tabu imeanza na soksi. Soksi gani hii! Inabana kuanzia vidole hadi pajani, na kuivaa ni mieleka. Daktari amesema niivae kila siku, nitembee sana, na nisisimame mahali pamoja muda mrefu. Nikamwambia mimi ni kinyozi. Akasema basi nimwombe bosi wangu mapumziko mafupi ya kutembea. Niombe! Siku nne kabla ya uamuzi!

Alhamisi, 13 Machi
Nimebuni njia. Hakuna kusimama mahali pamoja? Sawa. Nimenyoa huku namzunguka mteja. Mwalimu mkuu, mteja wangu wa miaka, alianza kwa kunifuata kwa macho, kisha kwa shingo, mwishoni akashika kiti kwa mikono miwili na kusema anasikia kizunguzungu. Upande wake wa kushoto umebaki juu kuliko wa kulia. Redio alinyamaza dakika nzima akitazama. Hilo halijawahi kutokea.

Mchana likaja balaa. Vinywele vya wateja vimeingia ndani ya soksi! Vinawasha, vinawasha, vinawasha! Nikakimbilia chumba cha nyuma, suruali chini, navuta soksi kwa nguvu zote, na shemeji akaingia kuchukua taulo. Sitaki kuandika zaidi. Nilimwambia ni ya jino.

Jumamosi, 15 Machi
Kiti amepewa Redio.

Shemeji aliniita pembeni. Kumbe Redio alitibiwa miguu yote miwili miezi mitatu iliyopita! Alimwambia shemeji siku ile ile, akaomba dakika kumi za kutembea kila baada ya saa moja, akapewa bila maneno. Shemeji alisema hakutafuta miguu mizima, alitafuta mtu asiyemdanganya. Ameongeza kuwa mzee wa dirishani naye amevaa soksi hizo miaka saba. Imeniuma. Imeniuma kuliko mguu.

Redio, bila kuombwa, kanionyesha jinsi ya kuvaa soksi kwa kutumia glavu za mpira. Inapanda kama siagi. Nimemchukia zaidi. Shemeji amesema baada ya miezi mitatu ataangalia upya, maana kiti kingine cha mbele kitakuwa wazi, mradi nimwambie ukweli.

Jumatatu, 17 Machi
Daktari amekagua. Mguu wa kulia safi kabisa. Wa kushoto unahitaji sindano ya povu, Alhamisi saa nne.

Ukweli? Nikosekane tena kazini kwa ajili ya miguu, na kile kiti kingine nacho kinipite? Nimekuwa mjinga wa meno, nakiri. Meno mtu anaweza kuyachungulia. Safari hii nimepata kisingizio kisicho na pa kushikwa: nitamwambia shemeji kuwa mama mkwe wangu ni mgonjwa sana, kalazwa, na ni lazima niende kumwona. Nani atathubutu kuuliza?

Nimemweleza mke wangu. Ameweka kijiko chini, akaniuliza polepole kama najua yeye na dada yake walizaliwa na nani. Wanawake! Mimi nazungumzia mambo ya kazi, yeye analeta habari za ukoo.