Keki ya Tarehe Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Afisa Utumishi mpya ametugawia fomu. Kila mfanyakazi wa idara ya maji aandike siku yake ya kuzaliwa, burudani aipendayo na raha tatu ndogo ndogo za maisha yake. Zitabandikwa ubaoni pale kantini. Siku yako ikifika, wote wanakusanyika saa saba mchana, unakatiwa keki na kupewa zawadi ya kile ulichoandika. Anasema itajenga upendo kazini. Upendo! Miaka thelathini na moja nimekaa masijala nikitunza mafaili ya watu wote, na upendo pekee niliouona humu ni wa panya kwa karatasi.

Nikaisoma fomu mara ya pili. Nikaumia. Mimi nimezaliwa tarehe ishirini na nane Desemba. Ofisi imefungwa! Kila mwaka imefungwa, geti lina kufuli, hata mlinzi amejifungia kibandani. Miaka hamsini na tisa, sijawahi kukatiwa keki. Mke wangu hunipigia pasi shati na kunichemshia yai. Yai moja. Ndiyo sherehe hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji ameshajaza yake. Huyu ni mdogo wa mke wangu, mtunza bohari. Kazi nilimtafutia mimi. Kazaliwa kumi na saba Machi, wiki mbili tu zimebaki. Bahati ya watu wengine! Burudani: drafti. Raha: chai ya moto, mchezo wa redio wa saa saba, na kukaa dirishani. Mwizi mkubwa! Hizo ni raha zangu! Drafti nacheza mimi na mlinzi kila mchana, kwa vizibo vya soda. Redio ni yangu. Chupa ya chai ni yangu. Dirisha ni la masijala. Bohari haina hata tundu. Yeye huja kudoea tu.

Sikuweza kuandika vilevile nionekane nimemwiga. Burudani nimeandika: kusoma vitabu vizito. Raha: ukimya, tafakuri na maua. Watu wajue wanafanya kazi na nani. Nafasi ya tarehe nimeiacha wazi kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Nitazaliwa tarehe kumi na nne Machi. Ijumaa, siku tatu kabla ya Shemeji. Mwaka ni uleule, sitaki makuu. Keki ya kwanza ndiyo hupigiwa vigelegele. Ikifika Jumatatu watu wameshakinai, yeye atapata makofi ya kulazimishana.

Afisa Utumishi atalinganisha fomu na faili, najua. Na faili langu linatunzwa na nani? Na mimi! Nimejaza fomu mpya ya ajira, nikaikunja, nikaimwagia chai kidogo ili izeeke, nikagonga muhuri wa zamani ulioko droo ya chini. Kisha nikaandika barua: orodha ya kwenye kompyuta ilikosewa, ukweli uko kwenye faili. Nakala tatu. Kazi safi kabisa. Mchana nimemfunga mlinzi mara nne mfululizo.

Ijumaa, 7 Machi
Afisa Utumishi amenitazama sana. Akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba mtu anaweza kusahau vyote, lakini si siku aliyozaliwa. Akasema basi atabadilisha leo leo, na kwamba jambo hili itabidi limfikie Mkurugenzi. Mkurugenzi! Kwa ajili ya keki yangu!

Mchana Shemeji alisimama mbele ya ubao akilisoma jina langu. Nikajua ataropoka. Desemba yangu anaijua vizuri, maana kila mwaka anakuja nyumbani na kula nusu ya lile yai. Wapi! Akanishika bega, akanipa hongera, akaenda zake akipiga mluzi. Nimemziba mdomo kwa akili tu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kashapata habari kwa mdogo wake. Akasimama na pasi mkononi, akauliza miaka yote hii alikuwa anampigia nani pasi shati. Nikamweleza kwamba ile ya Desemba ni ya nyumbani, hii ni ya ofisini, na jinsi nilivyoizeesha fomu kwa chai. Akasema, Baba Watoto, una yako wewe. Akauliza kama nimelifikiria vizuri. Ndivyo alivyo! Mtu akianza kupanda, yeye kazi yake ni kumvuta shati. Nikamwambia aipige pasi suti. Ameipiga.

Jumatano, 12 Machi
Dalili ni nzuri mno. Nikiingia kantini watu wananyamaza. Fundi wa mita, ambaye hajawahi kunisalimia vizuri, leo alinishika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Kumbe napendwa!

Asubuhi bahasha ya siri imepita mezani kwangu, kutoka kwa Mkurugenzi kwenda Utumishi. Nikaisajili, namba 214. Sikuifungua, mimi si mtu wa namna hiyo. Niliiinua tu kwenye mwanga. Nikaona jina langu! Bila shaka ni pongezi.

Shemeji amekuja na futi kamba, akapima meza yangu na dirisha. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema hakuna kitu, shemeji, napima tu. Bohari imemharibu akili.

Ijumaa, 14 Machi
Ngoja niandike taratibu.

Kantini ilijaa mpaka mlangoni. Mkurugenzi mwenyewe alishuka. Keki ilikuwa ya ghorofa mbili! Nikaikata, wakapiga vigelegele, nikalishwa na Afisa Utumishi mbele za watu. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu. Nikatamani mama yangu angekuwa hai aone.

Halafu Mkurugenzi akasimama. Akasema wafanyakazi wengi hupunguza umri ili wasistaafu. Wanafanya hivyo bila aibu. Lakini leo tunaye mtu mmoja aliyegundua kwamba kumbukumbu zinamwongezea miezi tisa ya kazi asiyostahili, na akaandika barua mwenyewe, nakala tatu, kuisahihisha. Akasema uaminifu wa aina hii hajauona tangu aanze kazi. Makofi. Nami nikapiga makofi! Nikajipigia mwenyewe, kabla sijamwelewa.

Sitini. Tarehe kumi na nne Machi nimetimiza sitini. Anayetimiza sitini anaondoka mwisho wa mwezi. Barua zao nimezisajili mimi, kila robo mwaka, miaka thelathini na moja. Nimewaonea huruma wote. Ya kwangu imepita mezani kwangu, namba 214, nami nikaisajili kwa mwandiko mzuri.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Niseme nini? Kwamba nimeghushi faili? Hilo ni kufukuzwa papo hapo, na mafao hupati. Nikafunga mdomo. Nikalia. Wakasema ni furaha, wakanipigia picha.

Zawadi: kitabu cha ufugaji wa nyuki, kurasa mia nane, na chungu cha maua.

Shemeji alikuwa pembeni, ametulia kama maji mtungini. Anakula keki. Alijua! Tangu alipousoma ule ubao alijua, na akanyamaza.

Jumatatu, 17 Machi
Siku ya Shemeji. Hawakukinai hata kidogo. Wamempa drafti ya mbao iliyonakshiwa, kete nyeupe na nyeusi. Akafungua mchezo hapohapo na mlinzi. Mlinzi wangu! Halafu Afisa Utumishi akatangaza kwamba kuanzia Aprili Shemeji anahamia masijala, kwa kuwa kaomba mapema. Tarehe saba, siku ile ya ubao. Mluzi wote ule alikuwa anaelekea kuandika barua ya maombi.

Nimemwambia mke wangu kwamba mdogo wake ni nyoka. Akajibu kwamba mdogo wake hakunishika mkono niandike.

Jumatatu, 31 Machi
Nimekabidhi funguo. Shemeji akanisainisha: makabati sita, mihuri minne, kiti kimoja. Redio nilitaka kuondoka nayo. Akanionyesha namba ya mali ya ofisi iliyobandikwa chini yake. Niliibandika mimi mwenyewe mwaka ule wa ukaguzi, isije ikaibiwa.

Saa saba nilikuwa nje ya geti, na kitabu cha nyuki kwapani. Kupitia dirishani nikasikia mchezo unaanza. Nikasimama kusikiliza. Ulikuwa mzuri. Sauti ikapunguzwa. Nimekiona kiti changu kwa nje, mara ya kwanza katika maisha yangu, na mtu mwingine amekikalia. Nimeumia, sitaficha.

Alhamisi, 10 Aprili
Siku kumi nyumbani. Chai ninayo, lakini hakuna wa kunikatiza ninapoinywa, haina ladha. Nimesoma kurasa thelathini za nyuki. Wana adabu kuliko watu. Mke wangu kanikumbusha kwamba Desemba iko palepale, na yai lipo. Nikamwambia asinitanie.

Leo nimekwenda kujiandikisha chama cha wastaafu. Wazee wako wengi, na drafti wanacheza vibaya sana. Lakini nimegundua jambo! Kila mwezi wa Juni wana sherehe. Waliotimiza sabini wanakaa meza ya mbele, wanavishwa mashada, wanakata keki. Walio chini ya hapo wanapanga viti.

Katibu wao akanipa fomu. Siku ya kuzaliwa. Burudani. Haoni vizuri, na mafaili ya chama yamelundikwa kwenye sanduku, hayana mwenyewe. Nikamwambia kwa upole kwamba nina uzoefu wa miaka thelathini na moja na ningependa kumsaidia kuyatunza. Amefurahi mno. Sanduku niko nalo hapa mezani.

Miaka kumi tu ya kuongeza. Nimemwomba mke wangu chai kidogo. Kauliza kama ni ya kunywa au ya kumwagia.