Uso wa Kijani Kivukoni

Jumatatu, 14 Oktoba

Mji mzima wa Burrawilla wanasimulia habari hii vibaya. Eti mzee Merv Tuckey kaipiga teke mashine ya shule siku ya kwanza tu. Uongo! Niliiegemea. Kwa mguu. Ikaanguka yenyewe. Naandika humu ili siku wakibishana, ukweli uwepo. Shule niliishia la sita, lakini ukweli hauombi cheti.

Mambo yenyewe haya. Kiwanda cha jibini kimeipaka rangi shule yetu ya serikali na kuwawekea watoto paa la kivuli uwanjani. Kwa malipo gani? Maneno yao ukutani: TUNAJALI, TUNATHUBUTU, TUNATABASAMU. Yamekaa pale palipokuwa na jedwali la kuzidisha. Watoto sasa hawajui saba mara nane, ila wanathubutu!

Na mwalimu mkuu, Kirralee Stubbs, niliyemvusha barabara mwenyewe akiwa na kamasi puani, kaleta mashine mbili. Kila moja ina uso wa kijani unaocheka na uso mwekundu ulionuna. Mtoto akishahudumiwa, anabonyeza. Na si watoto tena, ni wateja. Moja kaiweka kivukoni kwangu, ninaposhika kibao cha SIMAMA kuvusha watoto barabara miaka na miaka. Nyingine kantini kwa Noelene, dada wa marehemu mke wangu. Kirralee kasema fedha zinatosha nafasi moja ya kazi. Ijumaa, mwenye kijani kidogo anaondoka. Nikiondoka mie, wanaweka taa za kuongozea magari. Akiondoka Noelene, wanaleta mashine ya kuuza vyakula.

Nikacheka mbele ya Kirralee. Nyumbani sikucheka. Tangu mke wangu Joyce afariki, kibao kile ndicho kinachonitoa kitandani.

Jumanne, 15 Oktoba

Kijani tisa. Nyekundu thelathini na moja! Hivi vitoto, na baba zao nimewavusha! Ati nawasimamisha sana. Ati nafoka. Barabara inapita malori ya maziwa, nifanyeje, niimbe?

Noelene kijani sitini. Kapita kivukoni makusudi na sinia lake la pai. Kasema shemeji, huo uso wako wenyewe ni kitufe chekundu, watoto wanachanganyikiwa. Nikamwambia shemeji, pai zako zingekuwa na nyama ungefika mia. Kanipa moja hata hivyo, kama kila asubuhi tangu msiba. Nikaila. Vita ni vita, pai ni pai.

Usiku usingizi hamna. Naona taa tu. Nyekundu, njano, kijani.

Jumatano, 16 Oktoba

Akili! Nimenunua peremende zenye umbo la nyoka, mfuko mzima. Ukibonyeza kijani, unapata nyoka. Hadi kengele inalia, kijani mia na ushee! Kale katoto Tahlia, ka miaka mitano, kabonyeza mpaka ulimi umegeuka rangi.

Noelene kaja na pai. Kasema shemeji, hiyo si rushwa hiyo? Nikamwambia NINATHUBUTU, kasome ukutani. Hakucheka. Kasema watoto wako hawaangalii barabara tena, wanaangalia mashine. Wivu huo!

Alhamisi, 17 Oktoba



Asubuhi watoto walikuwa wanasukumana kwenye mashine, ukingoni kabisa mwa lami. Mie nagawa nyoka. Kibao nimekiegemeza uzioni, mikono miwili haitoshi. Nikasikia lori la maziwa linateremka mlima wa kanisa. Halipunguzi. Dereva naye ana mashine yake kiwandani, inapima dakika. Nikasema moyoni, ngoja nimalize na huyu. Huyu mmoja tu.

Nyoka akaponyoka, akaangukia barabarani. Tahlia akamfuata.

Mie mikono imejaa peremende. 

Noelene alikuwa analeta pai yangu. Akatupa sinia, akamdaka mtoto begi la mgongoni, akamvuta kinyumenyume wakaanguka wote. Lori likapita juu ya pai. Upepo wake ukanivua kofia.

Halafu akafoka. Bwana we! Rudini nyuma nyie mbuzi, mstari mmoja, anayegusa hiyo takataka namkata mkono! Watoto wakalia wote. Mchana wakaenda kantini wamenuna, wakabonyeza nyekundu mmoja baada ya mwingine.

Mie hakunitania. Hata shemeji hakuniita. Kasema Merv, shika kibao chako.

Nikakishika.

Ijumaa, 18 Oktoba

USHINDI! Nimemwacha mbali! Noelene kazama kwa zile nyekundu za jana. Mama yake Tahlia kaingia ofisini, kaeleza yote, analia. Kirralee kasema kaguswa sana, lakini mashine haina kitufe cha jambo hilo. Nikapewa cheti na kikombe cha kiwanda.

Noelene akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Kirralee kasema mzee Merv, tabasamu, picha.

Nikatabasamu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Njaa! Mashine ya vyakula imekula sarafu zangu, ikanipa maji. Pai hamna. Nani kaleta wazo hili la kipumbavu?

Nikaenda kwa Noelene. Hakufungua. Kasema nyuma ya mlango, shemeji, bonyeza kijani uende zako. Kaniita shemeji! Hasira zinaisha hizo. Kesho pai ipo.

Tahlia sasa anavuka kamshika mama yake mkono. Kafika kwenye mashine, kaniangalia, kabonyeza nyekundu. Mara moja tu. Nyoka kamkataa. Sawa. Nyoka wale ni wadogo, ndiyo shida. Kesho nanunua wakubwa. Kirralee kasema mashindano ya wilaya ya mashine hizi yanakuja, na mie si wa kushindwa na kitoto.

Yote niliyoandika humu ni kweli tupu. Isipokuwa lile la kuegemea. Nilipiga teke. Na leo nimeipiga ile ya vyakula.

Haikutoa pai.