Kokoto Mbele ya Nyumba

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Vijimea vimefika kwa basi kutoka Arusha. Kumi na viwili, majani manene, vidogo kama vifungo vya koti. Muuzaji wa mtandaoni anasema asili yake ni milima ya theluji, ila jua vinalivumilia vikipata mawe, kokoto na maji kidogo. Mawe hapa Maganzo, mji wa almasi, tunayo. Mpango: bustani ya mawe mbele ya nyumba. Wapita njia watasimama kuuliza, nami nitawakaribisha chai. Tangu mke wangu, Mama Zipora, afariki, miezi saba, aliyeingia humu ni msoma mita ya maji tu.

Jumatano, 13 Agosti
Bustani tayari. Nimekaa kibarazani kutwa nzima. Aliyesimama ni mbuzi. Kala kimoja. Ng'ambo ya barabara, kwa Boaz dalali wa almasi, benchi limejaa wacheza bao. Wanacheka nini muda wote huo?

Alhamisi, 14 Agosti
Kokoto zina udongo, mizizi itaoza. Nikaanza kuziosha kwa chekeche. Boaz huyo, kavuka barabara! Shikamoo mzee. Miaka mitatu hajawahi kuniamkia. Akauliza kokoto nimezitoa wapi. Nikamwambia hapa hapa. Akauliza kama nimeona chochote kinachong'aa. Nikajibu hapana. Nikamwambia anywe chai kwanza. Kufika jioni watu tisa, na benchi lake tupu. Abel fundi baiskeli kaniita baba. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Ijumaa, 15 Agosti
Wamekuja asubuhi na masururu. Nikawaomba waangalie wasiharibu mimea. Boaz akasema nisijali, mgawo wangu upo. Hadi adhuhuri mbele ya nyumba ni shimo. Almasi hakuna. Vijimea viko chini ya kifusi. Wameondoka bila kuaga, chai wameiacha vikombeni.

Jumapili, 17 Agosti
Kijimea kimoja kimepona. Nimekaa nacho kibarazani. Boaz kapita, hakunitazama. Nyumba imekuwa kubwa mno kwangu, naogopa kuingia ndani. Binti yangu Zipora kapiga simu kutoka Geita. Kasema nivuke barabara, nimwombe Boaz radhi hata kama kosa si langu, nikae kwenye benchi kama watu wengine. Nikamjibu ni wazo zuri sana, kesho asubuhi.
Kisha nikaagiza kokoto toroli mbili. Kesho naziosha pembeni kabisa mwa barabara, polepole, kila mara natia mkono mfukoni haraka, kama aliyeokota kitu. Sukari nimenunua kilo mbili.