Kadi Isiyopata Saratani

Kwa furaha kubwa, Mfuko wetu wa Bima uliutangazia umma kwamba saratani ya mlango wa kizazi imekwisha. Haijaisha kwa kila mtu. Imekwisha kwa wenye Kadi ya Kahawia, yaani wanachama wanaochangia kidogo kuliko wote. Mwaka mzima hatukupata mgonjwa hata mmoja. Kwenye Kadi ya Dhahabu, ambako wanawake hupimwa kila mwaka wapende wasipende, tulipata thelathini na mmoja. Wote wametibiwa na wanadunda, lakini takwimu ni takwimu.

Mafanikio haya ni ya Kitengo cha Vibali, ambacho mimi ndiye mkuu wake.

Siri yetu ni utaratibu. Mwenye Kadi ya Kahawia hapimwi mpaka aone dalili. Akiziona, anajaza fomu ya kuthibitisha kwamba hakujiunga akiwa nazo tayari. Uthibitisho huo hupatikana kwa kipimo. Kipimo kinataka kibali. Kibali ninatoa mimi, nikishaona uthibitisho. Wenye haraka husema tunawazungusha. Mimi nauita uangalifu.

Wanaoacha kufuatilia tunawaandika "amejiondoa". Mwaka jana walijiondoa kumi na wanne. Ndugu zao ndio huja kurudisha kadi, wengine wakilia. Huwa nawapa kiti.

Jumatatu moja alikuja mama mmoja, fundi cherehani, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Ilikuwa mara yake ya tano. Safari hii alikuja na nesi wa kliniki yetu ya ghorofa ya chini.

"Nimerudi, baba," alisema. "Damu haijakatika. Mwezi wa tatu huu."

"Pole sana, mama. Ilianza kabla ya kujiunga au baada?"

"Nimejiunga miaka sita iliyopita."

"Una uthibitisho kwamba wakati huo haikuwa imeanza?"

"Ningetoka damu miaka sita, baba, ningekuwa nimesimama hapa nabishana na wewe?"

"Hilo ni swali la daktari. Mimi ni wa vibali."

Nesi akadakia. "Kaka, kipimo chenyewe hakimalizi dakika kumi. Kitanda kipo, vifaa vipo, na mimi nipo, nashinda napiga miayo. Kinachokosekana ni mhuri wako tu."

"Ndiyo ujue mhuri ni kitu kikubwa, dada."

"Kikubwa kuliko kichwa chako, naona."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la maoni, upande wa pongezi, kwa kuwa ndio uliokuwa na nafasi. Kisha nikamkumbusha mama fundi kwamba yeye ni namba moja kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Namba moja ya nini, baba, na foleni haisogei?"

"Kila foleni lazima iwe na mtu wa mbele, mama."

Aliniangalia kama mtu anayekadiria kitambaa kisichotosha, akashuka ngazi polepole, mkono ukutani.

Ripoti yangu ilifika kwa Mkurugenzi. Ni mtu mwenye shughuli nyingi, hivyo alisoma ukurasa wa mwisho tu. Akanipigia simu.

"Dhahabu thelathini na mmoja, Kahawia sifuri. Kwa hiyo hii Kahawia inakinga?"

"Sifuri ni sifuri, bosi."

"Na mke wangu miaka yote hii mmemwacha kwenye Dhahabu!"

Siku hiyohiyo mkewe alihamishiwa Kahawia. Mkurugenzi akatangaza redioni kwamba amejishusha ili awe sawa na wananchi.

Miezi miwili baadaye, mke wa Mkurugenzi aliona damu. Hospitali yake ya siku zote iliikataa kadi. Alikuja dirishani kwangu, nikampa fomu. Simu ikalia.

"Mpe mke wangu kibali sasa hivi!"

"Nimempa fomu, bosi. Athibitishe kwamba damu hakujiunga nayo."

"Mrudishe Dhahabu!"

"Mwenye dalili hahami kadi. Kanuni hiyo uliisaini wewe."

"Basi nitalipa mwenyewe, taslimu!"

"Anayelipiwa taslimu anaandikwa amejiondoa."

"Kwani hao waliojiondoa wako wapi?"

"Hawakuacha anwani, bosi."

 Nilimsikia akiketi.

"Futa hiyo fomu," alisema.

"Nikiifuta, imefutika kwa wote. Na yeye ni namba sitini na nne. Mashine ya foleni hairuki namba."

"Pitisha wote! Wote!"

"Naomba kwa maandishi."

Aliandika nyuma ya bahasha, dereva akaileta mbio. Nikagonga mihuri sitini na minne mpaka bega likauma.

Nesi alipima siku mbili mfululizo. Mama fundi alitangulia. Alipotoka, alimkuta mke wa Mkurugenzi kwenye benchi, anageuzageuza kadi yake.

"Wewe namba ngapi, mwenzangu?"

"Sitini na nne."

"Usiogope. Leo inasogea." Akaketi naye mpaka alipoitwa.

Mke wa Mkurugenzi alikutwa na kinyama kidogo kisicho na madhara. Mama fundi alikutwa na saratani, lakini imewahiwa, na matibabu ameshaanza. Jumla wenye Kadi ya Kahawia walipatikana wagonjwa tisa. Wawili hatukuwawahi.

Bodi ya Mfuko ilikutana kwa dharura. Miaka yote Kahawia ilikuwa safi, sasa tisa kwa mkupuo! Mwenyekiti aliniuliza nani amehusika. Mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Nililinganisha tarehe, nikaangalia kumbukumbu mara mbili, kisha nikaweka bahasha mezani.

Mkurugenzi amesimamishwa kazi. Anatuhumiwa kuwapa wanachama tisa saratani, kwa maandishi.