Kamati ya Mababu Walioonana na Mfalme

Mwacha mila ni mtumwa, lakini anayeifuata mila yake hadi Uingereza ni mwenyekiti. Ndiyo maana Bwana Elineema, ofisa mstaafu wa ubalozi, aliwatangazia Watanzania wa Brussels kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Kuthibitisha Mababu Waliotambulishwa kwa Mfalme wa Uingereza. Azimio lilipita kwa makofi: kwenye sherehe ya Uhuru, kila ukoo utapewa nafasi kulingana na shughuli ya babu yake katika jumba la kifalme. Kwamba Uhuru wenyewe ulidaiwa kwa Waingereza hao hao lilikuwa suala la kisera, likaahirishwa.

Utafiti alipewa Felisia, binti mwenye stashahada ya nyaraka na ulimi usiofungika. Ahadi ilikuwa moja: akikamilisha, darasa la Kiswahili la watoto, kila Jumamosi, ni lake. Felisia alilitaka darasa hilo kuliko shibe. Watoto wale walikuwa wakiwaamkia bibi zao kwa Kifaransa kwenye simu, na bibi walikata simu wakilia.

Ushahidi ulikuwepo tayari, picha iliyotundikwa sebuleni kwa mwenyekiti, Bwana Elineema mwenyewe, mtaani Ixelles. Baba wa babu yake amesimama kidevu juu, koti jeusi lenye mkia, mkono mmoja kwenye glovu nyeupe. Mwenyekiti aliileta hadi mkahawani Flagey.

"Unaiona glovu? Mtu wa kawaida havai glovu."

"Mkono wa pili umekatwa hapa kiwikoni, mzee."

"Ili ienee kwenye fremu. Usichunguze kupita kiasi."

"Si mmenipa utafiti?"

"Tumekupa uthibitisho, binti. Utafiti ni hatua ya pili."

Felisia akawaandikia watunza kumbukumbu London, wakamtumia picha nzima. Chifu wa kwao mwenyekiti ameketi karibu na mfalme, kanzu na joho, maana wageni wa makoloni walitakiwa waje na mavazi ya kwao. Nyuma yake yule wa koti na glovu, mtumishi aliyefuatana naye, mkono uliokatwa umeshika sinia la bilauri. Kila mwenye koti la mkia pichani alikuwa na sinia.

Siku ya sherehe, ukumbini Ganshoren, Felisia aliimulika picha ukutani, akaeleza nani ni nani, akakaa. Kisha Didas, katibu, mtu wa kanuni, akasimama.

"Mwenyekiti, kwa azimio letu, ukoo wako uko kitengo cha huduma."

Maman Yolande wa Lubumbashi, aliyepika, hakungoja muhtasari. Alimkabidhi mwenyekiti sinia la soda.

"Papa, kamata. Bon, anza na meza ya batoto."

Mwenyekiti, sinia mikononi, akamwendea Felisia. Yeye Mpare, binti Mchaga, watani wa enzi na enzi, na neno la mtani halina kesi hata msibani.

"Mtani wangu," alinong'ona, "waambie ulikuwa utani. Watacheka, nitaketi, Jumamosi unaanza darasa. La sivyo uniombe radhi hadharani, au darasa hulioni."

Felisia aliwatazama watoto, kisha akalitazama sinia.

"Kubeba sinia si aibu, mzee. Babu yako alikuwa na kazi. Aibu ni kumkata mkono ili umpe cheo." Alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Sikutania. Na radhi siombi."