Mtaalamu wa Kurudisha Jana

Jumatatu ile mtaa mzima wa ofisi ulitukana kabla ya chai. Kisa kilikuwa Kobe. Kobe ni ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wenye picha ya kobe inapowaka, na watu waliupendea mambo mawili: haununuliwi, na hauna haraka. Sasa watengenezaji wake, watu wa mbali wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea, wakaamka na wazo. Menyu iliyokaa chini kushoto miaka kumi wakaing'oa. Kitufe cha kuchapisha wakakificha nyuma ya vidoti vitatu. Kisha wakaandika kwa fahari kwamba kila kitu sasa ni rahisi zaidi.

Mtaalamu alikuwa anapita zake, hana hili wala lile, akamsikia karani wa wakili dirishani akigombana na skrini kama anagombana na mkwewe. Mlango wa pili, ugomvi uleule. Mlango wa tatu, mtu analia kabisa. Mwingine angewahurumia. Mtaalamu mate yalimtoka.

Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, likamganda. Mama yake mzazi aliamini mwanawe ni injinia mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, na kila alfajiri alimwombea azidishiwe kazi. Mtaalamu alikuwa radhi kufa kuliko mama huyo ajue kwamba ofisi yake ni begi la mgongoni.

Kuhusu Kobe alijua jambo moja tu. Pale unapoandika neno la siri, pembeni, kuna alama ndogo ya gurudumu. Ukiibofya, Kobe mwenyewe anakuuliza kwa adabu: sura mpya, au ya zamani? Watengenezaji walilieleza hilo katika tangazo la mabadiliko, mstari wa tatu. Lakini nani anasoma? Watu walibofya Nakubali wakaenda kutukana. Mtaalamu alikuwa anaishi vizuri sana kwa sababu ya watu wanaobofya Nakubali.

Alianzia duka la kuchapa na kutoa kopi. Mwenye duka wakimwita Bi Chapa, mama wa makamo aliyeanza kazi enzi za taipureta, anayechapa huku macho yakiwa barabarani. Foleni ilimfika mlangoni na menyu haionekani. Mtaalamu akamweleza kwa huzuni ya daktari kwamba kuirudisha jana si mchezo, ni upasuaji, na Kobe akichunguliwa wakati amefunguliwa huharibika moja kwa moja. Akatundika shuka, akamweka Bi Chapa upande wa pili pamoja na wateja wake.

Nyuma ya shuka alibofya gurudumu, akachagua sura ya zamani, akamaliza. Halafu akakaa saa nzima akipigapiga vibonye ovyo, akiguna, akiomba maji ya kunywa. Alipofunua, menyu ilikuwa chini kushoto kama haijawahi kutoka. Bi Chapa akalipa bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka, ila Mtaalamu kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Bi Chapa akamwambia kuna ofisi kumi na moja mtaani zinazolia kilio hichohicho, yeye atazikusanya. Tatizo ni wakili, hafanyi kitu bila mkataba. Akachapa kurasa nne, herufi ndogo, bila kuangalia mashine hata mara moja. Akatoa kopi ya kitambulisho cha Mtaalamu, akaomba na namba ya simu ya mtu wake wa karibu, kwa ajili ya faili. Mtaalamu akatoa ya mama yake. Kwenye ukurasa wa kwanza aliona "ofisi kumi na moja" na "malipo taslimu leo", na hayo yalimtosha kabisa.

"Umesoma, mwanangu?" Bi Chapa akauliza.

"Karatasi za kazi zote zinafanana, mama," akasema, akatia saini kila alipoonyeshwa. Karani wa wakili, aliyekuwa ameitwa, akagonga muhuri.

Mpaka saa kumi jioni shuka, sasa kwa nusu saa tu kila mahali, lilikuwa limezunguka ofisi zote. Mtaalamu akarudi dukani begi mgongoni, tayari kuuhama mji. Bi Chapa akampa bahasha, na juu yake ufunguo.

"Meza yako ile pale karibu na printa. Tunafungua saa mbili."

"Meza ya nini?"

"Ukurasa wa tatu."

Akausoma akiwa amesimama, kisha akatafuta pa kukaa. Kwa miaka miwili, kila badiliko la Kobe litakalomuudhi yeyote katika ofisi hizo, atalirekebisha yeye, bila malipo mengine, mpaka aliyeudhika aseme ameridhika.

"Mama, umeniingiza mkenge."

"Mimi nachapa kwa masikio, mwanangu. Ulibofya mara tatu. Saa nzima iliyobaki ulikuwa unatwanga." Akapanga karatasi zake. "Ukitaka kukimbia, kimbia. Ila nimeshaongea na mama yako. Amelia kwa furaha. Kesho anakuja kuiona ofisi."

Mama alikuja kweli, na kesho yake tena. Akawa anakaa pembeni ya meza na mfuko wake mapajani, akiwaambia wateja kwamba huyu ni wa kwake. Mtaalamu angetorokea wapi?

Jumatatu ya tatu, Kobe akabadilika upya. Safari hii watengenezaji waliling'oa hata gurudumu, kwa maelezo kwamba linawachanganya watu. Kufika saa tatu, ofisi kumi na moja zilikuwa zimempigia simu, na karani wa wakili alikuwa amemtukana hadi ukoo. Mtaalamu akawaandikia watengenezaji waraka mrefu, mkali, uliojaa maumivu ya kweli, labda maneno ya kwanza ya kweli kuyaandika katika ukubwa wake.

Jibu halikuchelewa. Pole sana, ndugu. Menyu ya zamani haina mtu wa kuitunza, na sisi hatulipwi. Mfumo ni wa wote, karibu. Chini yake kulikuwa na maandishi marefu, na mwisho wake kitufe: Nakubali.

"Soma kwanza," akasema Bi Chapa, macho yakiwa barabarani.

Kidole kilikuwa kimeshabofya. Skrini ikamshukuru Mtaalamu kwa kukubali kuwa mlezi wa menyu ya zamani kwa watumiaji wote wa Kobe duniani. Ikamwonyesha malalamiko yanayomsubiri: elfu nne mia mbili na sita. Akapepesa macho, yakawa elfu nne mia mbili na saba.

Mama yake akainama kutazama. "Hizo namba ni nini, mwanangu?"

"Kazi, mama."

Mama akafumba macho, akainua mikono, akashukuru.