Mkuu wa Kaya Mbili

Jumatano, 17 Agosti 2022

Nipo Kwaluguru, kwa bi mkubwa. Sensa imetangazwa msikitini, shuleni, hata kwenye kilabu cha pombe. Usiku wa kuamkia Jumanne ijayo kila mtu atahesabiwa pale alipolala. Safi kabisa! Serikali inataka kujua nani ni nani, na mimi Mwinjuma ni mkuu wa kaya mbili: ya bi mkubwa Tatu hapa Handeni, na ya bi mdogo Shamsia kule Korogwe mjini. Wiki huku, wiki kule. Wangapi wanaweza?

Kwenye kahawa alikuwepo Awadhi, jirani mwenye mke mmoja na maneno ya wake kumi. Akaniuliza mbele za watu nitahesabiwa nyumba ipi. Nikamjibu zote mbili, maana zote zangu. Kahawa ikamtoka puani kwa kicheko. Eti mtu ni kichwa kimoja, anahesabiwa mara moja, na ile nyumba nisiyolala ataandikwa mwanamke kuwa mkuu wa kaya. Watu wote wakanigeukia. Nikasema nina mbuzi wa kufunga kabla giza halijaingia, nikaondoka.

Sina mbuzi.

Alhamisi, 18 Agosti

Sikulala vizuri. Mwanamke mkuu wa kaya, na mimi nipo hai!

Nimemgusia Tatu jambo hilo alipokuwa akipeta ufuta. Akasema hakuna la kujadili. Jumatatu usiku bado ni zamu yake, zamu inaisha jua likichomoza Jumanne. Nikilala kwingine, atajiandikisha yeye, na kuanzia siku hiyo nitaingia nyumba hii kwa hodi kama mgeni mwingine. Alisema yote bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo. Tatu asipoinua kichwa, ujue amemaanisha.

Nikaenda nyuma ya choo kumpigia Shamsia. Alikuwa sokoni kwenye genge lake, makelele matupu. Yeye anasema wiki yake inaanza Jumatatu magharibi, kama ilivyokuwa tangu siku ya ndoa. Nisipotokea, anajiandikisha yeye, na kile kiti changu cha mikono anamkalisha mpangaji.

Kiti changu! Mpangaji mwenyewe ni fundi rangi.

Mtu mwenye busara angemwuliza shehe zamu inaanza saa ngapi. Mimi nimeona njia fupi zaidi. Nimewaahidi wote wawili.

Ijumaa, 19 Agosti

Baada ya swala nilimfuata karani wa sensa wa kitongoji chetu. Ni Ruthi, binti wa fundi Stefano. Mtoto wa juzi tu, nimemwona akikimbia na kamasi, leo ana kizibao na kishikwambi cha serikali. Lakini adabu anayo. Alinipa shikamoo na kigoda.

Nikamweleza taratibu. Siombi kubwa. Yeye aniandike hapa, na mwenzake wa Korogwe aniandike kule, nchi itakuwa imepata Mwinjuma wawili na haina hasara. Akasema amekula kiapo. Nikamwambia kiapo kinaliwa na chakula pia kinaliwa, nikasogeza kapu mbele kwa heshima. Hapo ndipo jogoo akawika kutoka ndani ya kapu. Ruthi akafunika uso kwa kishikwambi, mabega yakawa yanacheza.

Akanieleza walivyofundishwa: mume wa wake wengi anahesabiwa alikolala, na mke wa nyumba nyingine ndiye mkuu wa kaya yake. Nikauliza kama kuna nafasi ya mkuu wa kaya wa heshima. Hakuna. Mkuu msaidizi? Hakuna. Mkuu aliyeko safarini? Akasema mzee, kifaa hiki hakina neno hilo. Kishikwambi gani hicho cha bei yote kisichojua ndoa za watu?

Nimerudi na jogoo wangu. Tatu aliniuliza jogoo *wake* alikuwa ametoka kutembea wapi.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimepata! Kwa nini nihangaike kulala nyumba mbili, wakati ninaweza kulaza nyumba mbili mahali pamoja? Shamsia akiwa hapa Jumatatu usiku, na Tatu yupo, na watoto wote wapo, ni paa moja, kaya moja, na mkuu mmoja. Sijui kwa nini wanaume wengine hawafikirii.

Nimemtumia Shamsia ujumbe kwamba ninaumwa sana, pengine sitafika Jumatano, aje haraka tuonane. Niliposoma ule ujumbe mwenyewe, machozi yalinilengalenga.

Jumapili, 21 Agosti

Shamsia hakuja. Imekuja chupa kubwa ya mwarobaini uliochemshwa, imeletwa na basi la asubuhi mpaka Handeni, na bodaboda mpaka mlangoni. Maelekezo ya kunywa amepewa Tatu kwa simu.

Kwa simu! Kumbe wana namba za kila mmoja! Nimeuliza tangu lini. Tatu akanishangaa. Eti mahindi na ufuta wake nilidhani yanauzwaje Korogwe, yanatembea yenyewe? Bi mdogo ndiye anayemuuzia, miaka yote. Wanaitana dada. Mambo yanapita juu ya kichwa changu kama ndege.

Tatu alisimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikamaliza bilauri. Kisha ya pili, kwa kuwa dada yake alisema mbili. Mchana nilikuwa mzima. Sasa ninaumwa kweli.

Jumatatu, 22 Agosti

Tumbo limetulia. Akili imechemka.

Mpango wa mwisho, na huu hauna tundu. Nitakula kwa Tatu na kulala kwa Tatu. Yeye akishika usingizi, nitatoka. Metito atanisubiri kwenye njia panda na pikipiki yake. Alfajiri niko Korogwe kwenye kiti changu, nimevaa kanzu, karani ananikuta. Mchana ninarudi Kwaluguru, Ruthi ananikuta. Makarani wawili hawajuani. Kila nyumba nimelala, ingawa kidogo kidogo.

Huyu Metito ni Mmasai wa boma la huko mbugani, ana wake kuliko mimi, na sensa haimsumbui hata kidogo. Nimemwuliza nani ataandikwa mkuu katika zile nyumba zake. Akasema kila mke aliijenga nyumba yake kwa mikono yake, udongo na kinyesi cha ng'ombe, kwa hiyo ni ya mke, yeye anaingia kunywa maziwa na kulala. Alisema hivyo bila aibu! Nikamwonea huruma. Wanaume wengine wamekubali kushindwa mapema.

Sharti lake moja: anapeleka beberu mnadani, kwa hiyo tutakuwa watatu.

Jumanne, 23 Agosti. Siku ya Sensa

Ninaandika haya Korogwe, nimekaa juu ya ndoo. Kwenye kiti changu amekaa fundi rangi.

Tatu alilala upande wa mlango. Hajawahi kulala upande wa mlango tangu nimwoe. Nikatokea dirishani, kanzu ikanasa kwenye msumari, nikaacha kipande. Njia panda Metito yupo, pikipiki ipo, beberu yupo katikati yetu ananipumulia usoni. Tukaenda vizuri mpaka karibu na Handeni mjini. Hapo mnyororo ukakatika. Tukasukuma pikipiki mpaka stendi, beberu akitembea nyuma yetu kama mwenye mali.

Stendi palikuwa na taa na vizibao. Nilifurahi, nikadhani ni mafundi. Makarani! Ilipofika saa sita ya usiku walianza na wasafiri, wachuuzi na wasio na mahali pa kulala, wasije wakatawanyika. Kijana mmoja akanishika mkono kwa upole, akaniketisha kwenye benchi kati ya mlinzi na mama muuza mayai.

Nikamwambia mimi si wa hapa, mimi ni mkuu wa kaya. Akauliza kaya ipi. Nikasema mbili. Akanitazama kanzu iliyochanika, akamtazama beberu, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa kwamba hapa hakuna kaya, baba, hapa ni kundi la wasafiri, tuanze na jina.

Metito hakubishana. Alipoulizwa ana watoto wangapi akasema watoto hawahesabiwi kwa namba, ni mkosi, akaanza kuwataja majina mmoja mmoja, mama kwa mama, huku karani akikunja vidole vyake mwenyewe. Vidole vikaisha, akaazima vya mlinzi. Mimi nikamalizwa kwa dakika chache.

Mnyororo ulipoungwa tukaendelea, tukafika Korogwe jua likiwa juu. Nikaipangusa kanzu kwa maji, nikaingia moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Karani wa huku alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Akaniuliza usiku wa kuamkia leo nililala wapi. Nikafungua mdomo. Shamsia akanitangulia: huyu ameingia sasa hivi na Mmasai na mbuzi, muulize yeye. Karani akasema kuhesabiwa mara mbili ni kosa, je nimeshahesabiwa? Nikakohoa. Nikasema ndiyo, stendi.

Shamsia hakukasirika. Hilo ndilo lililoniogopesha. Akamwambia karani aandike mkuu wa kaya ni yeye, Shamsia, akataja watoto, akamtaja mpangaji wa chumba cha uani, naye akasema anajipikia mwenyewe, kwa hiyo ni kaya yake peke yake. Orodha ya watu wa nyumbani kwangu ikaisha na mimi simo. Kisha akamkaribisha fundi rangi kwenye kiti.

Jumatano, 24 Agosti

Nimerudi Kwaluguru kwa basi na kwa miguu. Mlango ulionekana umeegeshwa tu. Nikausukuma. Haukusukumika. Ndani Tatu anaimba, watoto wanacheka, ninasikia harufu ya bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu. Nikagonga. Wimbo ukaendelea. Nikajua anachosubiri.

Nikasema hodi.

Akasema nani. Nikasema Mwinjuma. Akasema Mwinjuma yupi. Nyumba yangu! Mlango niliouning'iniza mimi mwenyewe, mbao za mninga! Iliniuma, sitaficha. Nikasema mumeo. Akasema karibu, mgeni, na akanipa maji ya kunawa kabla ya wote, kama apewavyo mgeni. Ruthi alishapita. Mkuu wa kaya: Tatu.

Usiku simu yake ililia. Alikuwa Shamsia. Walicheka sana. Nilisikia neno dirisha, kisha neno beberu. Nilipojikohoza walihamia Kizigua, na wote tunajua mimi Kizigua ninakielewa, kwa hiyo walitaka nisikie.

Jumamosi, 27 Agosti

Awadhi amejua. Kwenye kahawa ameniita Mzee wa Stendi. Sasa mpaka watoto wananiita hivyo.

Lakini nimepata habari! Ruthi amesema watu wakiisha kuhesabiwa yanafuata majengo. Kila jengo litaandikwa, na mwenye nalo atatajwa. Nimepiga hesabu. Nyumba ya hapa Tatu aliijenga kwa ufuta, mlango tu ndio wangu. Ya Korogwe ni urithi wa Shamsia kutoka kwa shangazi yake. Lakini jengo halina zamu! Jengo halitoki dirishani! Mtu akiwa na jengo lake, analo.

Nina kiwanja cha marehemu baba huko Mazingara. Kuna siku za kutosha.

Jumatano, 31 Agosti

Mikono imejaa malengelenge. Nilimwomba Metito anisaidie kujenga, akasema yeye hajui, kwao hiyo ni kazi ya akina mama. Mkewe Nkoile akajitolea kuja, fundi hodari. Kisha nikakumbuka: akijenga Nkoile, itakuwa nyumba ya Nkoile! Nikamshukuru, nikajenga mwenyewe.

Imesimama. Imeinamia kidogo upande wa bonde, lakini ina kuta nne, na paa la nyasi linalofunika sehemu kubwa. Karani wa Mazingara atapita kesho. Aliuliza nani anaishi humo. Hilo sikuwa nimelifikiria. Jengo bila watu ataliandika ghala, au banda la kuku.

Suluhisho nimelipata papo hapo. Nimemtumia Tatu ujumbe: nimekujengea wewe peke yako, njoo ulale usiku wa leo, usimwambie mwenzio. Kisha nimemtumia Shamsia ujumbe uleule. Kila mmoja kwa siri yake. Hawawezi kujua!

Majibu yamekuja upesi, yote mawili kwa pamoja, na maneno ni yaleyale: *Sawa, mkuu. Tandika mkeka mpana.*

Wameniita mkuu! Tena wote wawili. Nimeazima mkeka kwa Nkoile.